Ncha ya Mshipi

Jordina, binti wa kaka yangu, alishusha mnara wetu wa watu ukiwa umebakiza mtoto mmoja tu kufika kileleni, na uwanja mzima wa Puigmorat ukampigia miluzi. Mimi nilikuwa kwenye roshani ya ofisi ya mji pamoja na wapiga zumari wenzangu, pumzi imenijaa kifuani, nangoja kile kipande cha wimbo tunachokipiga mtoto anapoinua mkono juu ya vichwa vya watu wote. Badala yake nikasikia sauti ya Jordina kutoka chini, kavu, haina hata chembe ya mashaka: "Chini! Wote chini!" Nisiseme uongo, nilitamani kumtupia lile zumari kichwani.

Mnara wa ghorofa tisa, watatu watatu, mji wetu ulikuwa haujawahi kuumaliza. Majirani zetu wa mashati ya kijani waliumaliza zamani, na kila Agosti wanakuja kwenye sikukuu yetu, wanausimamisha wa kwao mbele ya kanisa letu, kisha wanakunywa divai yetu ya vermuti na kutuuliza kwa upole, kama wanaomuuliza mgonjwa, "Na nyie mnaendeleaje?" Sisi wenye mashati ya rangi ya kutu tunacheka, lakini ni meno tu yanayocheka.

Mwaka huu tuliuweza. Kiangazi chote mazoezini mnara ulikuwa unasimama. Na kuna jambo moja linalofanya zumari zetu ziogopwe: kabla hatujapuliza, kiongozi anaweza kulivunja shina, yaani umati unaoushikilia mnara kwa chini, na kulipanga upya, na hakuna atakayesema neno. Tukishapuliza, basi, jaribio limehesabika. Nami nilikuwa nimeshapuliza. Tulibakiwa na zamu nyingine, lakini aibu tulishaivaa.

Mtoto mwenyewe, Aloma, binti wa Dolça muuza samaki, alikuwa ameshika mabega ya ghorofa ya saba aliposikia "chini". Hakuuliza. Aligeuka akateleza mgongoni mwa watu mpaka akafika kwenye mikono ya mama yake. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Hakuanguka mtu. Hilo hakuna aliyelipigia makofi.

Nilishuka ngazi za roshani nikiwa nimefura. Chini ya ukuta wa kanisa watu walikuwa wamemzunguka Jordina. Yeye ni daktari wa meno, ana miaka arobaini na kidogo, na tangu wamfanye kiongozi wa mnara, watu wanasema damu yake ina barafu. Labda wanasema hivyo kwa sababu nusu yao amewang'oa magego. Alikuwa amesimama mikono nyuma, anawasikiliza wakimrarua.

"Tulikuwa tumefika!" alifoka Baldiri, mwenye duka la misumari, mtu ambaye hajawahi kusema jambo kwa sauti ya chini. "Ungefumba macho kidogo tu! Kidogo tu, mama!"

"Akili zimekuzidi, daktari," akadakia mwingine. "Mnara haujengwi kwa kikokotoo. Mnara ni mzuka!"

"Hana moyo huyo, ana friji."

Nami shangazi mtu, nikaongeza la kwangu. "Jordina, marehemu baba yako angekuwa hapa angekula kofia yake."

"Shangazi, na wewe usinianze," alisema bila kunitazama. Alikuwa anamtazama kaka yake.

Kaka yake ni Oleguer, mkulima wa lozi, pande la mtu. Yeye hubeba ghorofa ya tatu, upande wa kanisa, tangu enzi ambazo nywele zangu zilikuwa nyeusi. Ghorofa ya tatu ndiyo ya kwanza inayosimama nje ya mikono ya watu. Ya kwanza na ya pili zimezungukwa na umati unaosukuma na kushikilia, lakini wa tatu wamekaa peke yao, na juu yao kuna mji mzima unaopumua. Oleguer alikuwa amewiva uso kwa hasira.

"Nakuuliza mara ya mwisho," alimwambia. "Uliona nini? Maana mimi nilikuwa ndani ya huo mnara na sikuona kitu."

"Uliachia kola."

Wabebaji wetu wote hung'ata kola ya shati, ili shati lisiteleze chini ya miguu ya aliye juu. Oleguer huing'ata mpaka inakatika. Mama yao alikuwa anamshonea kola mpya kila mwaka na kumuuliza kama huko uwanjani hawampi chakula.

"Niliachia nipumue! Siku hizi kupumua ni dhambi?"

"Inua mkono wa kulia, Oleguer."

"Sisi si watoto."

"Inua, kaka yangu."

Aliuinua. Ulifika usawa wa bega, ukagoma. Uso wake ule uliowiva ukabadilika ukawa rangi ya unga, na jasho likamtoka puani. Ndipo sote tukaona, hata Baldiri, kwamba lile pande la mtu lilikuwa limesimama pale kwa kukaza meno tu.

"Nilianguka kwenye trela la lozi," akasema kwa sauti ndogo. "Juzi. Ni mbavu tu. Na wewe ni daktari wa meno, mbavu unazijulia wapi?"

Kuna mtu alicheka, akajuta. Jordina hakucheka. Aligeuka akatutazama sote, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona kidevu chake kinatetemeka.

"Nilijua tangu asubuhi," alisema.

Ni lazima niseme habari ya mshipi. Ni kitambaa cheusi kirefu, tunajifunga kiunoni kikaze mgongo, na anayepanda akitumie kukanyagia kama ngazi. Hakuna anayejifunga peke yake. Mwenzako anashika ncha, anaivuta kwa nguvu zake zote, na wewe unazunguka kuelekea kwake, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mnakutana kifua kwa kifua. Ncha ya mshipi wa Oleguer haijashikwa na mtu mwingine zaidi ya Jordina tangu wakiwa wadogo, walipokuwa wanajifunga mashuka ya mama yao na kupigwa kwa ajili hiyo.

"Asubuhi nilimshikia," Jordina akaendelea. "Mzunguko wa mwisho nilipovuta, alishtuka. Nikamuuliza, akasema nimemtekenya. Oleguer hatekenyeki, sote tunajua. Nikanyamaza. Aliniambia mwaka huu ndio wake wa mwisho, hawezi kuondoka bila wa tisa, na mimi nikamwonea huruma. Nikampandisha. Nikamweka Aloma na wenzake wote juu ya huruma yangu." Akavuta pumzi. "Kushusha sikukosea. Nilikosea kupandisha, na kosa hilo ni langu, si lake. Mkitaka kunitoa, nitoeni kesho. Leo bado tuna zamu."

Nilikuwa nimeshajiandalia maneno makali mengine, nikayameza. Kumbe wakati sisi tunamwita friji, yeye alikuwa ameungua asubuhi nzima.

Aliyesema wa kwanza ni Dolça. Huyu mwanamke anapasua samaki kuanzia alfajiri na hana maneno ya kupaka mafuta. Alikuwa amemshika Aloma bega.

"Sikiliza, daktari. Kwa kumshusha mtoto wangu, ahsante. Kwa kumpandisha, tutaongea siku nyingine, tena utakaa chini kwanza. Ila Aloma hakanyagi mgongo wa mtu tena mpaka nijue nani yuko pale kwenye tatu."

"Tufanye wa ghorofa nane," Baldiri akasema. Mzuka wote ulikuwa umemwisha. "Wa nane tunauweza tukiwa usingizini. Tuumalize, tunywe, twende nyumbani."

Lakini kila mtu alikuwa anajua nani anaweza kubeba ile tatu, na hakuna aliyethubutu kumtaja. Macho tu ndiyo yaliyokwenda, moja baada ya jingine, mpaka kwenye kona ya uwanja, alikokuwa amesimama Nadal na kikaratasi cha zeituni mkononi.

Nadal ni fundi matrekta. Vilevile ni mume wa Jordina wa zamani. Alimwacha akaenda kuishi na mwalimu wa kuogelea huko pwani, na mwalimu wa kuogelea naye akamwacha, kwa sababu ambazo mimi binafsi nilizifurahia. Akarudi mjini, akaomba kurudi kundini. Jordina hakumkataa. Alimpanga nje kabisa ya shina, kwenye safu ya mwisho, mahali ambapo mtu anasukuma mgongo wa mtu anayesukuma mgongo wa mtu. Lakini yale mazoezi machache ambayo Oleguer hakuja, Nadal alikuwa anapanda tatu, na mnara ulikuwa unakaa kimya kama umejengwa kwa saruji. Tuliona sote. Jordina aliona kuliko sisi, na wiki iliyofuata anamrudisha kulekule nje.

"Sio huyo," Oleguer akasema.

"Huyohuyo," akajibu dada yake. Ilimtoka kwa shida, kama anayejing'oa jino mwenyewe. "Nadal! Njoo."

Nadal aliangalia nyuma yake kwanza. "Mimi? Leo jua limechomoza upande gani?"

"Acha mzaha. Umekunywa?"

"Maji. Na zeituni, kama hizo zinanywewa."

"Ghorofa ya tatu, upande wa kanisa."

Alikikunja kile kikaratasi polepole akakitia mfukoni. Mzaha ulimtoka usoni. "Jordina, ukinipandisha nikaanguka, watasema ulinipandisha ili nianguke."

"Na ukisimama watasema nimekurudia. Kusemwa nitasemwa tu. Vua miwani."

Watu walicheka, na kile kicheko kiliingia kifuani mwangu kama supu ya moto. Tulikuwa bado hai.

Sasa nani amshikie mshipi? Jordina hakungoja. Aliokota ncha akaizungusha kiganjani, akarudi nyuma hatua kadhaa, akavuta mpaka kitambaa kikalia. Nadal akaanza kuzunguka kuelekea kwake. Mimi nimeona harusi yao, na nimeona siku alipobeba masanduku yake, lakini sijawahi kuwaona wanatazamana hivi.

"Unaniua," Nadal alinong'ona walipobakiza mzunguko mmoja.

"Unashtuka?"

"Sishtuki. Sipumui."

"Vizuri."

Akaichomeka ncha, akampapasa mbavu zote, kushoto na kulia, bila haya mbele ya kanisa. Kisha akamgeukia Dolça.

"Huyu nimemvuta kwa mikono yangu. Na unajua sina sababu ya kumwonea huruma."

Dolça aliwatazama wote wawili kwa zamu, akaanza kutabasamu. "Haya. Huyo namwamini, kwa sababu wewe humtaki." Akamwachia mwanawe bega.

Jordina akapiga magoti. "Aloma, mama amekubali. Wewe je? Ukisema hapana, tunafanya wa nane, na hakuna atakayekununia. Nitamng'oa meno."

Aloma alifikiria, kofia yake ngumu imemfunika nyusi. "Huyu naye anang'ata kola?"

"Anang'ata."

"Basi napanda."

Nilirudi roshani huku magoti yananiuma. Oleguer alinifuata, hakuwa na pa kwenda. Mtu mwenye mbavu zile huwezi kumtia hata kwenye shina. Akakaa kwenye kiti cha mpiga ngoma, amejishika ubavu.

"Shangazi, nimeaibika mbele ya mji mzima."

"Aibu utaioga baadaye. Sasa hivi nyamaza, nalowesha ulimi wa zumari."

Shina likafungwa. Kutoka juu unaona mikono tu, mamia ya mikono, inaelekea katikati. Juu yao wakajipanga wale wa shina dogo, wanaoishikilia ghorofa ya pili, halafu tatu wakapanda. Nadal alikaa upande wa kanisa, akainamisha kichwa, akaingiza kola kinywani. Jordina alizunguka, akatazama kila goti na kila kiwiko. Alikuwa na nafasi ya kusema "vunjeni" bila hasara, na aliitumia nafasi hiyo mpaka mwisho. Kisha wa nne wakasimama, akaninyooshea mkono.

Nikapuliza.

Wakapanda wa tano, wakapanda wa sita, kisha wawili wa saba na yule mmoja anayeinama juu yao. Mnara ukaanza kutikisika, kwanza kidogo, kisha vya kutosha hata mimi kuuona, na uwanja ukatoa ule mguno wetu, watu wote kwa koo moja. Aloma alipita ghorofa ya tano, ya sita, akafika mabega ya ghorofa ya saba. Akasimama. Palepale.

"Shusha!" alipiga kelele mtu wa mashati ya kijani, na sikumlaumu.

"Shusha, Jordina!" Huyo alikuwa Baldiri! Baldiri yuleyule wa kufumba macho. "Shusha, tafadhali!"

Oleguer aliinuka kutoka kwenye kiti. Vidole vyake viliniingia begani, lakini zumari haliachwi katikati, nikaendelea kupuliza nikiwa sisikii ninachopiga. Macho yangu yalikuwa kwa mpwa wangu. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Machozi yalikuwa yanamshuka mashavuni, wazi, mbele ya watu wote, na hakuyafuta. Na huku analia, macho yake yalikuwa yanasoma: tatu, nne, tano, sita, halafu yakarudi tatu. Nadal alikuwa amekodoa macho, mishipa ya shingo imemsimama, na kola iko kinywani.

"Panda, Aloma!" Sauti ilimpasuka lakini ilifika. "Nadal, kaa! Panda, mama, panda!"

Mtoto akapanda. Akapita wawili wa juu, akamvuka yule aliyeinama, na ule mkono mdogo ukainuka angani.

Jamani. Nimepiga zumari maisha yangu yote na ile sauti iliyotoka pale sijui niliitoa wapi. Uwanja ulilipuka, kofia zikaruka, kengele ya kanisa ikaanza kugonga ingawa haikuwa saa yake. Mtu mmoja tu hakushangilia.

"Bado!" Jordina alikuwa anafoka, anawapiga watu migongo. "Fungeni midomo, bado! Kaeni! Mpaka wa mwisho akanyage chini!"

Walikaa. Aloma akateleza, wakashuka wawili, wakashuka wa sita, na mnara ulikuwa unayumba vibaya sasa. Upande wa kanisa ulikuwa unazama, unarudi, unazama, unarudi. Wa tano wakashuka. Wa nne wakashuka. Nadal akabaki, magoti yanamgonga, mpaka mikono ya shina ilipompokea. Akatema kipande cha kola, na hapo ndipo Jordina alipoinua mikono yote miwili juu na kupiga ukelele ambao hakuna friji duniani ingeweza kuupiga.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nakumbuka Baldiri ananibusu kipaji cha uso, analia kama mtoto. Nakumbuka wa mashati ya kijani wamembeba Dolça juu juu, na yeye anawatukana wamteremshe. Nakumbuka mkubwa wao ananiletea glasi ya vermuti yetu wenyewe na, kwa mara ya kwanza, haniulizi tunaendeleaje. Nilimwambia tunaendelea vizuri, ahsante, tena nikarudia.

Nadal alimfikia Jordina, jasho linamtiririka, ameshika kola yake iliyochanika. "Sasa, kesho tunakunywa kahawa?"

"Kesho saa tatu unakuja kliniki. Una tundu kwenye jino la nyuma, nililiona ulipokuwa unang'ata. Kahawa siahidi."

Lakini alimpiga kofi la mgongo, na lilikuwa kofi la kirafiki. Halafu akapenya katikati ya watu, mmoja anamkumbatia, mwingine anamvuta, mpaka akafika kwenye ngazi za roshani. Oleguer alikuwa amekaa ngazi ya chini kabisa. Mshipi wake alikuwa ameufungua, umerundikana miguuni. Uso wake ulikuwa umelowa. Jordina akakaa kando yake, na kwa muda wakawa wanatazama tu watu wanavyocheza.

"Nilisema huu ni mwaka wangu wa mwisho," Oleguer akasema.

"Ulisema."

"Nilikuwa naongopa."

"Najua."

Akaiokota ncha ya mshipi, akaigeuzageuza, kisha akamwekea dada yake mapajani. "Mwakani utanishikia?"

"Nitakushikia. Na ukishtuka hata kidogo, hupandi."

"Hata nikikulilia?"

Jordina aliizungusha ile ncha kiganjani, akaivuta kidogo tu, kumpima. Oleguer akakunja uso.

"Hata nikilia mimi," alisema dada yake.